Ufa wa Kibweta

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Wateja: hakuna. Nimefungua duka saa mbili, nimefunga saa kumi, na katikati amepita paka mmoja, akanitazama, akaenda zake. Redio kumi na moja ziko rafuni, zote nimezitengeneza, zote zinasema vizuri, na hakuna mwenye haja nazo. Wenyewe wamenunua simu. Wengine wamekufa. Nilipangusa vumbi kwenye bango langu la mlangoni: FUNDI REDIO. USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA. Maneno nilichagua mwenyewe. Marehemu Baba hakuwa na bango. Alikuwa na wateja.

Saa tisa akapita Shemeji, mume wa dada yangu, na pikapu yake ya spika za kukodisha. Spika ukubwa wa makabati! Hupiga honi hata kama nimeshamwona. Alinipa karatasi. Chuo cha muziki kinafanya maonyesho ya vyombo vya zamani, yanafunguliwa Ijumaa ya wiki ijayo, na atakayeleta chombo chenye maana kuliko vyote atapewa kazi ya kutengeneza mitambo ya chuo mwaka mzima. Akasema yeye anapeleka spika yake ya kwanza, ile iliyoangusha dari ya ukumbi. Akasema labda nami nipeleke redio moja. Akacheka peke yake mpaka kona.

Mwaka mzima! Bila kazi hiyo nafunga duka mwisho wa mwezi. Najua mimi, anajua Shemeji, na nadhani hata yule paka anajua.

Baadaye, nikivua viatu, nikakumbuka Kibweta. Kisanduku cha mbao, ukubwa wa mkate, mpini wa begi juu, swichi moja, betri sita. Baba alikiunda kabla sijazaliwa, kwa ajili ya rafiki yake mpiga gitaa. Unachomeka gitaa, unalisikia. Amplifaya ndogo ya kubeba mkononi! Sasa nauliza: nani aliunda ya kwanza duniani? Sijawahi kusikia jina lake. Basi kwa nini asiwe Baba? Hakuna aliyethibitisha kwamba si yeye.

Nimelala na furaha, jambo ambalo si kawaida yangu.

Jumanne, 4 Machi

Kibweta kiko juu ya kabati la Mama, kimefungwa kwenye shuka, tangu mazishi ya Baba miaka tisa iliyopita. Siku ile Mzee Nyuzi, yule mpiga gitaa mwenyewe, alikuja nacho msibani, akampa Mama mkononi, akasema hiki ni chako. Sikuelewa. Msibani watu husema mengi.

Mama alikuwa dirishani anafuma soksi. Nikamweleza kuhusu maonyesho. Akasema nikichukue, ila nisikifungue. Nikaahidi. Akaniambia niahidi tena, nimwangalie. Nikaahidi huku namwangalia. Kisha akasema ule msemo wake: "Haya. Mimi bado nasubiri redio yangu."

Msemo huo nimezaliwa nao. Chai ikichelewa, bado anasubiri redio yake. Mvua isiponyesha, bado anasubiri redio yake. Baba alikuwa akicheka kila mara kana kwamba ni kichekesho kipya. Mimi sijawahi kuuliza maana yake. Kila familia ina upuuzi wake.

Nikaenda chuoni. Mwalimu wa muziki ni mwanamke wa makamo, miwani mbili, moja machoni na nyingine imesahaulika kichwani. Nilipomwambia Baba alikuwa wa kwanza duniani akakohoa kidogo ili asicheke. Akanieleza, kwa upole ulioniuma kuliko kicheko, kwamba vitu hivi havikuwa na baba mmoja. Gitaa lilikuwa linamezwa na ngoma na tarumbeta, halisikiki. Mafundi wa redio, kila mmoja kwenye kibanda chake, wakaona kwamba kile kinachotoa sauti ya mtangazaji kinaweza kutoa sauti ya nyuzi. Ndiyo maana za mwanzo zilikuwa ndogo, akasema: zilikuwa redio zilizobadilishwa kazi. Baadaye kumbi zikawa kubwa na spika zikawa kubwa. Lakini ndogo hazikufa. Kwa sababu wapiga gitaa wengi hawako jukwaani, wako pembeni mwa kitanda, na jirani yuko nyuma ya ukuta. Kubwa huimbia watu, ndogo humwimbia mwenyewe.

Akasema pia kwamba kisanduku kidogo kikizidiwa hukoroma, na watu wakaupenda huo mkoromo kiasi kwamba wengine walitoboa spika zao makusudi. Hilo sikuliandika kwenye daftari langu. Mtu mzima na elimu yake, anasema mambo kama hayo!

Mwisho akasema chombo chenye hadithi ya kweli kina nafasi nzuri sana. Anataka ushahidi wa maandishi, umetiwa sahihi na mtu aliyeundiwa chombo chenyewe. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa tarehe 14, saa nne asubuhi.

Shahidi ninaye. Nimefika nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi

Mzee Nyuzi yuko hai, ila nusu. Amelala kwenye kitanda cha chuma, mito mitatu, mbavu zinahesabika. Binti yake anamuuguza. Nilimpa shikamoo mara tatu kabla binti hajaniambia kwamba babake hasikii. Masikio yameharibiwa na miaka ya kusimama mbele ya spika kubwa. Nikamfikiria Shemeji, nikafurahi kidogo. Binti humwandikia kwenye daftari la shule, naye hujibu kwa mdomo, kwa sauti ya juu, kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara.

Binti akaandika ombi langu. Mzee akalisoma polepole, akaniita "mwana wa fundi", akauliza kama Kibweta kiko salama. Macho yakawa mengine kabisa. Akasema hajagusa gitaa tangu arudishe Kibweta, kwa sababu hana njia nyingine ya kulisikia. Kibweta hakimwingii masikioni. Humwingia mbavuni. Akasema atatia sahihi chochote nitakacho, lakini kwanza apige. Jumapili. Apige hata kidogo tu, ajue bado yumo.

Nikamwomba binti aandike swali moja la mwisho: Je, Baba alikuwa wa kwanza duniani? Mzee alicheka mpaka akaletewa maji.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Nilinunua betri sita, nikaazima gitaa kanisani, nikajaribu Kibweta dukani. Kinakoroma! Kila uzi ukiguswa, krrrr, kama mzee mwenye mafua. Ubao mzima unatetemeka. Bisibisi ilitembea yenyewe mezani ikaanguka chini. Nimpelekee Mwalimu kitu hiki na kumwambia ni kazi ya fundi bora aliyewahi kuishi? Na Shemeji akiwa pale?

Nikakifungua. Najua niliahidi. Lakini ahadi kwa mama ni ya kumtuliza mama, na daktari hawezi kutibu akiwa ameahidi kutoangalia.

Ndani nikapata aibu ya familia. Spika ndogo, kuukuu, na karatasi yake, ile inayotetemeka kutoa sauti, ina ufa mrefu kama kidole, kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Baba! Fundi aliyeweza kusikia waya uliolegea kutoka chumba cha pili! Nadhani macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Au alikosa gundi. Nilikaa nikamhurumia kwa muda, kisha nikaingia kazini. Nikaziba ufa kwa gundi na kipande cha karatasi ya chai, kazi safi, huwezi kuona. Nikakaza skrubu zote. Nikajaza sponji pembeni ili ubao usitetemeke.

Nikajaribu tena. Maji ya mtungi! Kila uzi unasema jina lake. Ubao umetulia tuli. Nilikuwa karibu kulia. Mwana amemaliza kazi ya baba.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekipaka Kibweta rangi ya viatu, kimeng'aa. Juu nimeandika kwa rangi nyeupe: CHA KWANZA. Neno "duniani" halikutosha.

Dada amepita kumletea Mama dawa. Akakitazama, akaniuliza kama nimekifungua. Nikasema nimekipangusa tu. Akasema ananijua tangu nikiwa mtoto, kwamba nilimziba mwanasesere wake mdomo kwa gundi kwa sababu ulikuwa wazi. Mdomo ulikuwa wazi kweli.

Shemeji alimngoja nje kwenye pikapu. Akasema spika yake imeshakubaliwa, itawekwa mlangoni. Akaniuliza kama kisanduku changu kitakaa mezani au mfukoni. Cheka, Shemeji. Kesho napata sahihi.

Jumapili, 9 Machi

Sijui niandike vipi. Nitaandika kama ilivyotokea.

Mzee Nyuzi alikuwa amevaa suti. Binti alisema alianza kuvaa alfajiri na kila kifungo kilimchukua dakika kadhaa. Kucha zimekatwa. Gitaa mapajani, nyuzi mpya. Nikampa Kibweta, akakipapasa kama anavyopapaswa mjukuu aliyekua, akakisogeza ubavuni, chini ya moyo, akawasha.

Akapiga. Vidole vimepinda lakini vilijua njia. Ilitoka safi, kila sauti mahali pake, nikajiambia hii ni kazi yangu.

Baada ya muda mfupi akaacha. Akazungusha swichi hadi mwisho. Akapiga tena, kwa nguvu. Akamtazama binti, akauliza kimewaka? Binti akaandika: KIMEWAKA BABA, KINASIKIKA MPAKA NJE. Akalisoma lile daftari muda mrefu kuliko maneno yenyewe. Akakihamishia ubavu wa pili. Akapiga uzi mnene, mmoja tu, akasubiri.

Kisha akalaza gitaa kitandani. "Basi," akasema. "Yamekwisha yote."

Akaanza kufungua vifungo vya koti. Binti akamsaidia. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasogeza ile karatasi ya ushahidi karibu na mkono wake, na kalamu juu yake. Binti alinitazama. Nimewahi kutazamwa vibaya maishani, lakini hivyo bado.

Nimerudi na Kibweta na karatasi tupu. Ni uzee. Masikio hufika mwisho, na mbavu pia hufika mwisho. Halinihusu.

Jumatatu, 10 Machi

Binti amekuja dukani. Mteja wa kwanza wiki hii, na hakuwa mteja. Babake amegeukia ukutani tangu jana. Hataki uji, hataki daftari. Amesema gitaa lipewe mtu, yeye hana tena kazi nalo. Amesema Kibweta kilikuwa kitu cha mwisho kilichokuwa kikizungumza naye, na sasa hata hicho kimenyamaza, kwa hiyo ameelewa.

Akaniuliza taratibu kama nilikifanyia kitu chochote.

Nikasema hapana.

Aliondoka na mwavuli uliovunjika kijiti kimoja. Nilitaka kumwita nimtengenezee. Sikumwita. Nimekaa na redio kumi na moja mpaka saa kumi, hata moja sikuiwasha.

Jumanne, 11 Machi

Mawazo matatu, yote mabaya. La kwanza: niandike ushahidi mwenyewe na niige sahihi. Nimejaribu mara ishirini, zote zinafanana na sahihi yangu. La pili: nimwambie Mwalimu shahidi amefariki. Niliona haya hata kuliandika, lakini nimeliandika. La tatu: tatizo ni nguvu tu. Mzee hahisi kwa sababu Kibweta ni kidogo. Apewe kitu kikubwa, atahisi, atafurahi, atatia sahihi, na mimi sitahitaji kumwambia mtu kitu.

Kitu kikubwa anacho Shemeji. Nimemeza kiburi, kikapita na miiba yake. Shemeji amekubali haraka mno. Sharti lake: kwenye ushahidi jina lake litajwe.

Jumatano, 12 Machi

Nisingekwenda. Laiti ningevunjika mguu njiani.

Spika haikuingia mlangoni. Shemeji akaiweka nje ya dirisha, akaielekeza kitandani, akachomeka gitaa, akanipa nilishike. Mimi sijui kupiga. Akasema gusa tu. Nikagusa.

Vioo vya dirisha viliimba. Sufuria likaanguka jikoni. Majirani wa pande zote mbili wakatoka, mmoja ana sabuni kichwani, wakauliza ni lori gani limegonga nyumba. Mzee Nyuzi alishtuka, akageuka kutoka ukutani, kweli, akageuka, mikono yote miwili masikioni, masikio yasiyosikia! Akapiga kelele tuzime. Akasema hiyo ndiyo iliyomuua mara ya kwanza, kwa nini tumeileta imuue mara ya pili?

Shemeji mwenyewe alikimbilia swichi, akazima. Wakati wa kurudi, ndani ya pikapu, akasema kwa sauti ndogo kwamba spika zake hazijawahi kumliza mtu kwa uchungu. Nilimwona kama binadamu kwa muda fulani. Iliniongezea huzuni.

Alhamisi, 13 Machi

Mama aliniuliza kwa nini sili. Nikasema tumbo. Akasema tumbo halimfanyi mtu atazame kabati. Nikamwambia yote. Gundi, sponji, suti, ukuta, lori. Nina miaka hamsini na mmoja, na nililia kama niliyevunja kikombe.

Hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Aliweka soksi chini, akaomba Kibweta na wembe.

Nikamfungulia skrubu. Akatoa sponji, kipande baada ya kipande, akazitupa sakafuni. Akapapasa karatasi ya spika kwa ncha ya kidole mpaka akaupata mshono wangu, na ninaapa hauonekani. Nikamwambia aniachie mimi, ni kazi ya fundi. Akasema, "Mwanangu, hii ni redio yangu. Nitaichana mwenyewe."

Nikakaa chini.

Akanieleza huku anakata polepole, kama anayefungua pindo la nguo. Alikuwa msichana, redio yake ilianza kukoroma, akaipeleka kwa fundi kijana mwenye kibanda pembeni mwa kituo cha mafuta. Fundi akaitazama, akaona ufa, akasema ni kazi ndogo, njoo Jumamosi. Jumamosi akaja, akaambiwa kipuri hakijafika, njoo Jumamosi. Miezi saba! Kumbe kijana alikuwa na rafiki mpiga gitaa ambaye hasikiki kwenye bendi, na alikuwa ameshaibomoa ile redio siku ileile ya kwanza, ameiingiza kwenye kisanduku. Mama alicheza kwenye harusi ya rafiki yake, akacheza mpaka viatu vikakatika, gitaa likikoroma vizuri namna ambayo hajapata kusikia, na hakujua kwamba anaicheza redio yake mwenyewe.

Nikauliza alijua lini. Akasema Jumamosi ya ishirini na tisa, fundi alishindwa kusema uongo mwingine, akamwonyesha. Alikasirika wiki mbili. Ya tatu akarudi kuulizia.

Nikauliza kwa nini basi Baba hakuuziba ule ufa, miaka yote ile, gundi ilikuwepo. Mama akapuliza vumbi la karatasi, akautazama ufa ulivyofunguka, kidole kizima.

"Angeuziba siku ile," akasema, "ningechukua redio yangu nikaenda zangu."

Hilo nimelifikiria tangu asubuhi. Mimi, dada yangu, nyumba hii, kaburi la Baba na maua yake. Vyote vimetokea kwenye ufa. Na mimi ndiye niliyekuja na gundi.

Ijumaa, 14 Machi

Mama hajatoka nyumbani tangu mwaka jana. Leo amevaa viatu. Shemeji alitupitia na pikapu njiani kuelekea chuoni, Mama mbele, mimi nyuma katikati ya makabati yake.

Mzee alikuwa ukutani vilevile. Binti alinifungulia mlango bila salamu. Nikamwambia pale pale mlangoni, neno moja: nilikifanyia kitu, nilidanganya. Ni zaidi ya neno moja lakini nilihisi hivyo. Akatupisha.

Mzee hakugeuka. Mama hakumgusa bega wala hakuandika. Alikiweka Kibweta mgongoni mwake, katikati ya mabega, akakishika hapo kwa viganja viwili, akanionyesha gitaa kwa kidevu. Nikagusa uzi mnene.

Krrrrr.

Mgongo wa mzee ulikaza. Nikagusa tena. Binti alikuwa ameziba mdomo. Mzee akageuka polepole sana, sehemu kwa sehemu, akamwona Mama, akaona Kibweta, akanyoosha mikono. Nikampa gitaa lake.

Alipiga akiwa amelala ubavu, Kibweta kimekumbatiwa, kinakoroma na kutetemeka na kusogeza shuka. Sijui ulikuwa wimbo gani. Mama aliujua, alikuwa anatikisa mguu wenye kiatu. Mzee alilia bila kuacha kupiga, akasema kwa sauti ile ya ng'ambo ya barabara kwamba bado yumo, jamani, bado yumo. Mimi nililia pia. Nilifurahi na kuona aibu kwa wakati mmoja, ni mchanganyiko mbaya, sipendi kuurudia.

Betri zilipoanza kuchoka akaomba kalamu. Akaandika mwenyewe, herufi kubwa zilizopinda, akatia sahihi: "Hiki si cha kwanza. Ni redio ya mama huyu, mumewe aliiba, mimi nilifaidika. Kisizibwe."

Nikatazama saa. Saa tano na robo.

Nilikimbia hata hivyo. Mwalimu aliisoma karatasi ile mara mbili, akavua miwani moja, akabaki na nyingine. Akauliza chombo chenyewe kiko wapi. Nikasema Mama amekiacha kwa mgonjwa. Akasema nimefanya vizuri sana, na kazi ya mwaka mzima amepewa Shemeji.

Jumamosi, 29 Machi

Mzee Nyuzi tumemzika jana. Binti alisema alipiga kila siku mpaka asubuhi ya mwisho, kidogo kidogo, Kibweta ubavuni. Alipomkuta, swichi ilikuwa bado imewashwa na betri zimekwisha. Ameniomba nimtengenezee mwavuli. Nadhani ndivyo anavyosamehe.

Amekirudisha Kibweta. Alisema babake aliagiza kirudi kwa mwenyewe. Mama amekiweka kwenye kiti kando ya kitanda chake. Dada amekiunganisha na simu yake ya zamani, na Mama husikiliza taarifa ya habari humo, mtangazaji akikoroma kama aliyekunywa. Mama hutabasamu. Tangu Ijumaa ile hajasema kwamba anasubiri redio yake, hata mara moja, na nyumba imekuwa kimya namna ambayo siipendi.

Duka nimelifunga. Redio kumi na moja ziko chini ya kitanda changu. Bango nimelileta nyumbani, nimeliegemeza ukutani, nikiamka ndilo ninaloliona kwanza.

Leo Mama amepelekwa kliniki na Dada. Watarudi saa saba. Nimekaa na Kibweta, nikakifungua, kukitazama tu. Huzuni! Ule ufa umeongezeka. Sasa ni kidole na nusu, na ukingo umeanza kuchanika kando. Kwa mwendo huu mwaka mmoja karatasi yote itakuwa imekwisha, na Mama atabaki bila kitu. Mzee aliandika kisizibwe, ni kweli. Lakini mzee hakuwa fundi. Na nikiziba ile nusu iliyoongezeka peke yake, ule wa zamani ukabaki kama ulivyo, nani atajua?

Ila ukiziba nusu, gundi itavuta upande mmoja. Fundi yeyote atakuambia. Ni kuziba wote au kuacha.

Nataka tu kumfurahisha. Saa hizi ni saa nne na nusu, na gundi hukauka kwa saa mbili. Safari hii nitatumia ile nzuri.